Boriti za zamani zimenyooka kama rula, za leo zimepinda. Nani hapa aliwahi kukata mikoko?

Mjukuu_Mkomani

Assalam aleikum wanajukwaa.

Nina swali nililolibeba wiki tatu sasa. Nyumba ya marehemu babu iko Mkomani, hapa Lamu. Dari ya chumba cha ndani ilianza kumwaga chokaa, fundi akasema haina dawa ila kufunguliwa. Tukaifungua. Boriti zilipotoka nikazihesabu: kumi na tisa. Zilizooza ni mbili tu, nazo zimeoza ncha zilizokuwa zimezikwa ukutani upande wa choo. Zilizobaki ni ngumu hata msumari unakataa kuingia, na zimenyooka kama rula.

Nikaagiza korja moja ya boriti mpya. Ziliposhushwa nikazilaza mchangani, zote ishirini, nikazipitia moja moja. Zilizonyooka ni sita. Nyingine zina kiwiko katikati, na kuna nne ambazo kwa macho yangu si boriti, ni mazio, miti myembamba zaidi. Muuzaji hakunidanganya. Aliniambia, "Ndugu yangu, huko mikokoni kwa sasa ndizo zilizopo."

Babu alikata boriti miaka mingi kabla hajafungua duka. Alifariki nikiwa darasa la tatu, na ninachokumbuka zaidi ni nyayo zake, zilivyojaa makovu. Hakuna aliyewahi kunieleza kazi ile ilivyokuwa. Kwa hiyo nauliza: waliishi vipi huko, walichaguaje mti, na kumetokea nini hata boriti ikapinda? Msitu umekwisha, au ukataji umebadilika? Ningependa zaidi kumsikia mtu aliyeshika shoka mwenyewe.

Fundi_Chokaa

Wa aleikum salaam. Kwanza usiziuze wala usizichome hizo kumi na saba. Hata zile mbili zilizooza, zikate ncha, zitakufaa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, au kwenye chumba chembamba. Nyumba zetu za mawe vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo hiyo: ukuta hadi ukuta ni pale inapofika boriti, haizidi. Wageni huja hapa wakapima vyumba wakadhani ni mtindo tu. Ni mti ndio uliopanga.

Hizo mpya zilizopinda zinaingia darini, lakini fundi azilaze mgongo ukiangalia juu. Uzito wa mawe na chokaa utazikandamiza zilale. Akiziweka tumbo chini, baada ya miaka michache utaona dari imening'inia kama tanga lisilo na upepo. Zile nne za mazio zirudishe.

Mambo ya mikokoni waachie wenyewe.

Mzee_wa_Dodori

Binti yangu ndiye anayeandika, mimi nasema.

Wa aleikum salaam mjukuu wangu. Hayo makovu ya babu yako ni chaza. Chaza hushika kwenye mizizi ya mkoko inayosimama majini, na akikukata ndani ya tope huoni damu mpaka utoke. Tulivaa makubadhi ya tairi, lakini tope la mikokoni lina mkono: unanyanyua mguu, kiatu kinabaki. Wengi wetu tukaishia kwenda miguu mitupu. Ukinionyesha nyayo za mzee yeyote wa Pate au Ndau nitakuambia kama alikata mikoko au alivua.

Mimi niliingia kazini mwaka 1978, na baba yangu. Sikuanza na shoka, nilianza na sufuria. Tulikuwa watu kumi na wawili ndani ya mashua moja ya tanga na mimi ndiye mtoto wa jikoni. Tunaingia na bamvua, maji yakiwa makubwa ya kutufikisha ndani kabisa kwenye vijito vya Dodori, kaskazini mwa Lamu, na tunatoka na bamvua la pili. Hizo ni kama siku kumi na nne. Ukikosa bamvua la kutoka, mashua imejaa na maji ni madogo, utakaa mpaka jingine, na chakula kimekwisha.

Dago letu, yaani kambi yetu, lilikuwa kwenye kisiwa cha mchanga kisichofunikwa na maji. Tulijenga dungu la miti, makuti juu, tukalala hapo. Maji ya kunywa tuliyachukua nyumbani kwenye mapipa, maana mikokoni maji yote ni ya chumvi. Baba aliweka kata moja ya kuchotea maji juu ya pipa na hakuna aliyeruhusiwa kuchota bila yeye kuona. Unga, mchele kidogo, sukari, majani ya chai. Kitoweo kilikuwa pale pale, samaki na kaa. Jioni tunachoma makumbi ya nazi tuliyokuja nayo, kwa ajili ya mbu, na hasa usubi. Mbu utamsikia anakuja. Usubi huna habari naye mpaka umevimba.

Sasa kuhusu kuchagua mti. Mwaka wa pili baba aliniambia niache sufuria nimfuate. Tukafika kwenye mkoko, akanishika mikono yote miwili akaizungusha kwenye shina. Akasema: mti unaojaa kiganja kimoja, kidole gumba kikigusana na cha kati, hilo ni pau. Ukihitaji mikono miwili na vidole vikapandana, hayo ni mazio. Mikono miwili, ncha za vidole zikigusana tu zisipandane, hiyo ni boriti. Zisipokutana, ni nguzo. Chini ya pau ni fito. Bwana misitu alikuwa na kipimo chake cha sentimita, boriti kwake ni kuanzia kumi na moja na nusu hivi mpaka kumi na nne, na kila alipokuja kuhakiki marundo yetu, mikono ya baba na kipimo chake havikutofautiana. Mpaka leo nikipita kwenye nyumba inayojengwa huwa nashika miti.

Baada ya mikono yalikuja macho. Baba hakuangalia shina kwanza, aliangalia juu. Alizunguka mti mzima. Kama kilele kiko sawasawa juu ya mzizi, mti umenyooka. Kama kilele kimekwenda pembeni, kuna kiwiko mahali hata kama wewe hukioni. Na kulikuwa na miti asiyoigusa ingawa imenyooka vizuri. Ule uliojaa mbegu, zile ndefu zinazoning'inia kama fimbo, na chini yake pako wazi, aliuacha. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Huyu ni mama, na chini ni uwanja wake." Hatukujua habari za mazingira wakati huo, hata neno lenyewe hatukulisikia. Alijua tu kwamba atarudi mahali pale, na mimi nitarudi baada yake.

Sababu unatakiwa uijue. Mchu, mti mwingine wa mikokoni, ukiukata unachipua kama mpera. Mkoko hauchipui. Ukikata shina umeua, na atakayekuja ni mtoto wa mbegu tu.

Halafu kubeba. Mkoko mbichi ukiutupa majini unazama, hauelei. Hakuna habari ya kufunga magogo ukayavuta na mashua. Kila mti hupita begani mwa mtu, kutoka ulipoangukia mpaka ukingoni mwa kijito, juu ya mizizi na ndani ya tope. Maji yakipwa unabeba na kurundika, yakijaa mashua inaingia unapakia kwa haraka kabla hayajakukimbia. Zile kumi na tisa zako, mjukuu wangu, kila moja ina bega la mtu.

Malipo yalikuwa kwa korja. Leseni ilikuwa ya tajiri, si yetu. Yeye alitoa posho kabla ya safari, na sisi tukirudi anakata posho yake kwanza. Kuna safari niliyorudi na deni kubwa kuliko nililoondoka nalo. Nayasema kwa sababu vijana wanadhani zamani ilikuwa raha.

Lakini oda ya tajiri ilikuwa na kila kitu: korja kadhaa za fito, za mapau, za mazio, za boriti, za nguzo. Waarabu walitaka boriti na mazio, wajenzi wa nyumba za udongo walitaka fito na mapau. Kwa hiyo mahali pamoja tulichukua kidogo kidogo kila saizi. Mwaka 1982 serikali ikafunga kuuza nje ya nchi. Marundo yetu yalibaki ufukweni mpaka yakabadilika rangi, na wakataji wengi wakaingia baharini kuvua. Soko lililobaki likawa la ndani: Lamu yenyewe, Malindi, Mombasa. Wengine hawakutaka hata mti wa kujengea, walitaka wa kushikilia zege mpaka likauke, kisha ni kuni.

Kitu cha pili ni injini. Hili ndilo ningependa ulielewe, maana watu wote wanalaumu msumeno wa injini na mimi naona msumeno umekuja baadaye. Ndio, wapo wanaoingia nao usiku, na ni haramu, na unaangusha kwa dakika moja mti ambao mimi ningeutolea jasho. Lakini kilichobadilisha kuchagua ni injini ya boti. Tanga halina gharama, unaweza kukaa siku kumi na nne na upepo haukudai. Petroli inadai. Ukiwasha injini asubuhi lazima jioni urudi na mzigo wa kulipa petroli. Kwa hiyo hakuna dago tena. Kijana anaondoka alfajiri, anafika, ana saa nne tano kabla maji hayajamfungia. Ataingia ndani? Haingii. Anakata ukingoni.

Na mti wa ukingoni umepinda. Hapo ndipo jibu la swali lako. Mkoko unanyooka kwa sababu ya kubanwa. Ndani kabisa, miti imesongamana, kila mmoja unalitafuta jua, hauna nafasi ya kutoa tawi, unapanda tu. Ukingoni kuna jua na upepo pande zote, mti unafanya unavyotaka. Ile michache iliyonyooka ukingoni ilikatwa zamani. Iliyoachwa ni yenye viwiko, na ndiyo sasa inayozaa. Juu ya hayo wanakata mazio yanayokaribia kuwa boriti. Ungeyasubiri miaka michache ungepata boriti, lakini aliyeko ndani ya boti ana petroli ya leo.

Baada ya mashambulizi ya 2014 na operesheni za usalama zilizofuata kwenye msitu wa Boni, hata aliyetaka kupiga dago kule kaskazini hakuweza tena. Mimi safari yangu ya mwisho ya kulala ilikuwa kabla ya hapo. Februari 2018 likaja katazo la kukata miti kwenye misitu yote ya serikali. Lilisemwa ni siku tisini, likaongezwa na kuongezwa. Shoka langu nililipaka mafuta nikaliweka juu ya kabati.

Kwa hiyo msitu haujaisha. Iliyonyooka ipo. Iko mahali ambapo mtu wa siku moja hafiki.

Mwana_wa_Muttrah

Mzee, Mwenyezi Mungu akupe afya. Mimi niko Oman, wazee wangu walirudi huku kutoka Unguja. Nyumba ya zamani ya upande wa bibi ina dari ya miti hiyo hiyo, huku tunaiita chandal. Na vyumba vyembamba vile vile anavyosema fundi! Nilipokuwa mdogo nililala chali nikiihesabu na nilidhani inaota milimani kwetu. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba nchi hii haina mti wa namna hiyo, na kwamba ilikuja na majahazi yaliyoshuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi yakapanda na kusi yakiwa na boriti.

Kuwait na Bahrain ni hivyo hivyo. Jahazi moja la Kuwait, Bayan, lilipakia boriti kwenye Delta ya Rufiji mwaka 1939, nahodha wake Ali al-Najdi, na habari zake zinajulikana vizuri kwa sababu ndani alikuwamo baharia Mwaustralia aliyekuwa akiandika na kupiga picha kila siku.

Sikuwahi kufikiria kuhusu bega la mtu. Nitakwenda kuiangalia tena dari ile Ijumaa.

Nyamisati_Delta

Salaam kutoka Rufiji. Mengi ya mzee ni yetu pia, ila majina mengine hutofautiana: mti ambao wengine huuita muia, sisi huuita msinzi. Kwetu amri ya kusimamisha ukataji ilikuja 1987, mpango wa usimamizi ukafuata 1991. Watu hawakuacha, walijificha. Nimeona nyumba za Unguja zikijengwa kwa miti ambayo karatasi yake haikuonyesha kwamba imetoka kwetu. Delta ni kubwa, boti moja ya doria haitoshi.

Kwetu kuna na shamba la mpunga. Mtu anaua mikoko kwa kubandua gome kuzunguka shina, mti unakauka umesimama, halafu analima. Hapo hata boriti haipatikani, ni hasara mara mbili.

Mama_Kitalu

Shikamoo mzee. Mimi niko kwenye kikundi cha akina mama tunaopanda mikoko huku Lamu, na ninasema kwa heshima zote: si kweli kwamba wakataji wa zamani walichagua kila mahali. Kuna uwanda nyuma ya kijiji chetu ambao bibi zetu wanasema uliangushwa wote katika msimu mmoja, kwa mashoka, hakuna injini wala msumeno. Mpaka leo ni tope tupu na chumvi nyeupe juu. Tumepanda hapo mara tatu. Mara tatu miche imekufa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima iko Lamu na sisi tunaona pengo nyuma ya nyumba zetu.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeifahamu: tunakosea wapi?

Mzee_wa_Dodori

Marahaba mama. Ni kweli, na sitakuficha. Iko miaka tulifagia. Baada ya 1982 bei ilianguka, deni la posho halikuanguka, na tulikata chochote kilichokuwa karibu ili tulipe. Mimi nilikuwamo. Baba yangu alikataa kwenda safari zile, akakaa nyumbani akisuka makuti, na mimi nilimwona mzee asiyejua shida. Tulipomaliza tukaacha matawi yametapakaa chini kila mahali. Mbegu zikianguka zinalala juu ya matawi, hazigusi tope, maji yanazichukua.

Kuhusu miche yenu, niambie mmepanda nini. Nadhani ni mkoko, kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Kama pana chumvi nyeupe juu basi maji hayafiki pale kila siku, yanafika na bamvua tu, jua linaikausha. Mkoko hauwezi hapo. Mkoko unataka maji yaje na kuondoka kila siku. Mbele kabisa kwenye bahari ni mlilana, nyuma yake mkoko, halafu muia na mkandaa, na huku nyuma kwenye nchi kavu ni mchu. Panapokauka vile jaribuni mchu. Lakini kwanza tafuteni njia ya maji. Uwanda ulioangushwa hukanyagwa, vijito vidogo huziba. Fuateni maji yakipwa muone yanasimama wapi, mchimbue kwa jembe, kijifereji tu. Maji yakipata njia, mbegu nyingine zitakuja zenyewe msipande.

Nikipata wa kunibeba nitakuja kupaona. Goti moja halipandi tena ngazi ya boti vizuri lakini kwenye tope bado natembea.

Mama_Kitalu

Tulipanda mkoko, mara zote tatu. Mashua tunayo mzee, na vijana wa kukushika mkono wapo. Sema siku tu.

Mjukuu_Mkomani

Nimesoma yote mara mbili, ya pili nikimsomea mama kwa sauti. Nilipofika kwenye kata juu ya pipa aliniambia nisimame kidogo. Anasema babu mpaka anakufa alikuwa akiweka kata juu ya mtungi na watoto hawakuruhusiwa kuchota wenyewe, nao walidhani ni ukali.

Jana usiku nilishuka uani zilipolala zile boriti, nikaizungusha mikono kwenye moja. Ncha za vidole zikagusana, hazikupandana. Nikashika ya pili, ya tatu, zote kumi na tisa, zikiwemo zile mbili mbovu. Kisha nikashika mpya. Kwenye nyingi vidole vilipandana.

Fundi, nimerudisha nne. Zilizopinda tutazilaza mgongo juu kama ulivyosema, na kumi na saba za babu zinarudi chumba kile kile, baina ya mpya.

Mzee, siku utakayokwenda kwa Mama Kitalu nami ningependa kuwamo. Sijui kukata na sina haja ya kukata. Nataka unionyeshe mti ulionyooka ukiwa bado umesimama.

Mzee_wa_Dodori

Bamvua linaingia Alhamisi ya wiki ijayo. Maji yatakuwa makubwa alfajiri, na yatakuwa yamepwa vizuri kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo tuondoke usiku ungali giza. Usije na ndala, tope litazichukua. Lete viatu vya kitambaa vya zamani na kamba ya kuvifunga juu ya kifundo, na maji yako mwenyewe ya kunywa, lita tano.

Kata nitakuja nayo mimi.